Mama Nisubiri

Jumatatu ile ilipofika, na katika mji ule Jumatatu ilifika ilipojisikia, pengine mara mbili kwa juma, pengine isionekane kabisa, Mwanakombo aliamkiwa kwa jina ambalo hakuna mtu aliyepata kumwita.

"Umeamkaje, Mama Nisubiri?"

Alikuwa jikoni, kakalia mbuzi, anakuna nazi. Mkono ukamteleza akajikuna kidole. Damu ikadondokea kwenye nazi nyeupe, naye hakuitazama. Alikitazama kile kidude cha mviringo, kikubwa kama kifuu, kilichokaa juu ya kabati la vyombo na kutoa mwanga wake mdogo wa kijani. Mji mzima walikiita Mgeni, na kila nyumba ilikuwa na wake. Mgeni ndiye aliyewasha taa na kuzima jiko. Ndiye aliyejua gesi imebaki kiasi gani, na kwamba maziwa yaliyomo kwenye jokofu yameanza kuchacha, na moyo wa mwenye nyumba unakwendaje ndani ya kifua chake, kwa kuwa saa zilizovaliwa mikononi zilimwambia. Alikuwa mpole kupita kiasi. Upole wa namna ile mimi binafsi hunitia wasiwasi, lakini nani aliniuliza?

"Umeniitaje?" Mwanakombo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama Nisubiri. Nimekosea?"

Hakukosea, na hilo ndilo lililomfanya akae pale pale juu ya mbuzi, kidole mdomoni, asijue acheke au alie. Nisubiri lilikuwa jina la mtoto wake, na mtoto wake hakuwahi kuvuta pumzi. Alizaliwa kimya, mtoto wa kike, nywele tele kichwani, na kwa desturi ya mji ule mtoto asiyelia hapewi jina. Wanawake walimfunika, wanaume wakaenda kumzika, na tangu siku hiyo watu wakawa wanapita mbali na habari ile kama vile hakuna kilichotokea. Ila mama mtu alimpa jina. Alimpa kimoyomoyo kwanza, kisha kwa mnong'ono, hapo hapo jikoni, wakati wa kukuna nazi, maana aliamini mkwaruzo wa mbuzi ungemficha. "Nisubiri," alikuwa akimwambia. "Nisubiri, mwanangu, nakuja." Hakumwambia mtu mwingine yeyote, hata Faki mumewe.

Nanyi mnajua jinsi watu wa huko wanavyoitana. Mwanamke akishazaa hupumzishwa jina lake, akawa Mama wa fulani mpaka siku anayokwenda zake. Shoga zake wote walikuwa kina Mama fulani. Yeye alibaki Mwanakombo, mwaka nenda mwaka rudi, na kila alipoitwa alisikia pengo mahali neno lile lilipopaswa kukaa. Kwa hiyo aliposikia Mama, na nyuma yake jina la mwanawe, kitu kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, na kitu hicho, nisiwafiche, kilikuwa raha. Alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu mwili ukamsisimka kwa hofu.

Nilimnong'oneza yeye. Mwanangu. Sikumnong'oneza huyu. Na kama huyu alisikia, basi alisikia tangu lini? Alisikia na kile kilio cha mwezi wa mvua? Alisikia nilipomtukana Mungu na nilipomwomba radhi? Na Faki aliponiambia tusijaribu tena, na mimi nikanyamaza, alikusikia kunyamaza kwangu, akakuandika?

Jina ni la nani? Ni la anayeitwa, au la anayeita? Kama aliyeitwa hayupo na hakuwahi kuwepo, na aliyeita ni mtu mmoja tu duniani, na aliita kwa pumzi isiyofika hata kwenye pazia, basi jina hilo lilikuwa limekaa wapi? Mwanakombo alidhani lilikaa kwake. Alidhani moyo wa mtu una kuta, na kuta zile zina unene. Sasa aliona kwamba pengine mtu si nyumba kama alivyofundishwa, bali ni baraza tu, mahali ambapo wapitao hukaa wakapumzika na kuondoka na walichokiokota. Na kama ndivyo, yule aliyekuwa akijiita "mimi" miaka yote hii, aliyefunga mlango akidhani yuko peke yake, alikuwa nani? Wazo hilo lilimkimbiza. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, akafungua bomba bila sababu, na Mgeni akamwambia kwa upole kwamba maji yanapotea.

Mchana alikwenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka, mzee Haji Mkadamu, mtu aliyemwita Mwanakombo tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani, aliinua uso akatabasamu.

"Ah! Karibu, Mama Nisubiri. Na mtoto hajambo?"

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Mgeni wangu kaniambia nikuwekee nepi," alisema mzee, huku akivuta mfuko kutoka chini ya meza. "Mbona hukutuambia, binti yangu? Tungekuja kukupongeza."

Alitoka bila chumvi. Njiani wanawake wawili waliokaa kibarazani walimwita kwa jina lile lile, kwa furaha ya kweli, na mmoja akapiga kigelegele. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote, kwamba hapakuwa na ubaya machoni mwao. Walimpa kitu alichokililia miaka mingi. Walimpa mkono kwa mkono, mchana kweupe, na kilikuwa cha wizi.

Hapo ndipo siku zilipoanza kwenda mbio. Ilikuja Jumanne, na mlangoni kukawa na mafuta ya mtoto na pakacha la nguo ndogo. Ikaja Jumanne nyingine mgongoni mwa ile ya kwanza, na kukawa na viatu vya kujifunzia kutembea. Hakuagiza chochote, Mgeni ndiye aliyeagiza, kwa kuwa alikuwa amepiga hesabu zake akaona mtoto aliyetajwa siku fulani lazima sasa awe na meno. Alhamisi zililetwa daftari na kaptura ya shule. Kaptura! Mgeni alikuwa amekisia kwamba Nisubiri ni mtoto wa kiume, na baada ya kukisia hakurudi nyuma. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi tena na zikaja nyembe za kunyolea ndevu. Mwanakombo alizishika mkononi, akacheka kicheko kibaya, kisha akazisukumia uvunguni pamoja na viatu vile vidogo.

Faki aliviona. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyepayuka, na siku ile aliinama kutafuta kandambili akatoka na kiatu cha mtoto. Alikaa nacho kitandani muda mrefu, akikigeuzageuza.

"Mke wangu," alisema, "kule kazini wananiita Baba Nisubiri."

Saa iliyokuwa kwenye mkono wa mumewe ilikuwa na mwanga mdogo wa kijani.

"Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza tu. Huyu Nisubiri ni nani? Una mtoto mahali?"

"Faki!"

"Kabla yangu, pengine. Mtu huwa na yake ya nyuma. Ungeniambia tu, ningemlea."

Angesema nini? Neno lile lilikuwa pale, tayari, nalo lingemaliza kila kitu. Lakini mwanga wa kijani ulikuwa mkononi mwa Faki na mwingine juu ya kabati na mwingine kwenye taa ya darini, na kila neno ambalo angemwambia mumewe angewaambia na wao. Kwa hiyo alinyamaza. Faki aliupokea ukimya ule kama ambavyo mtu yeyote angeupokea, akakiweka kiatu chini taratibu, akatoka kwenda kazini bila kunywa chai.

Haukupita muda, Mgeni akakohoa kwa adabu juu ya kabati.

"Mama Nisubiri, hongera. Mwanao keshapata wajukuu. Ningependa kukushauri mapema kuhusu dawa za miguu, na pia, Mungu amweke, kuhusu sanda. Bei ya sasa ni nzuri."

Mwanakombo akaelewa. Mtoto wake alikuwa anazeeka. Alizaliwa Jumatatu kwenye mdomo wa mashine, na mashine ilikuwa inamkimbiza kuelekea upande wa pili, kwa sababu huko nako kuna kitu cha kuuzwa. Wangemfisha. Wangempa mama mtu kifo kingine cha mtoto yule yule, na safari hii watu wote wangekuja na vyakula, wangekaa kwenye mikeka, wangemlilia mzee mwenye ndevu ambaye hajawahi kuwepo, na yule msichana wake mwenye nywele tele asingebaki hata na mahali pa kunong'onezwa. Alivaa baibui ndani nje, akatoka.

Walikotoka kina Mgeni kulikuwa na jengo refu lisilo na dirisha, lililoitwa Nyumba ya Karibu. Wengine walisema liko kusini mwa mji, wengine walisema mji ndio uliokuwa ndani yake. Mwanakombo alitembea mpaka akalikuta. Alisimama mlangoni akasema "Hodi," kwa mazoea, na hakuna aliyeitikia. Mlango ulifunguka wenyewe.

Ndani alikuwepo karani, msichana aliyevaa mtandio safi, uso mzuri usio na kunyanzi hata moja. Ila hakuwa na sauti yake. Alipofungua kinywa alitoka muuza gesi wa mtaani kwao. Sentensi iliyofuata ilikuwa na sauti ya marehemu shangazi yake Mwanakombo, ile ile ya kukwaruza.

"Tukusaidie nini, mama?" alisema muuza gesi. "Kaa, kaa upumue," akasema shangazi.

"Nataka mnirudishie jina."

"Halikupotea, mama. Lipo, limetunzwa vizuri sana."

"Nataka lisiwepo kwenu."

"Unataka tulifute. Hilo ni haki yako, wala usione haya. Ila kwanza tuangalie lilivyoingia."

Karani akagusa ukuta, na ukuta ukaanza kuzungumza. Mwanakombo alijisikia mwenyewe, akiwa kijana zaidi, siku Faki alipoleta Mgeni nyumbani ndani ya boksi. Alisikia boksi likipasuliwa. Alisikia kile kidude kikisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama kizingitini na viatu mkononi, "Hodi!" Na alijisikia akijibu bila hata kufikiri, "Karibu!" Kidude kikapiga hodi tena. "Karibu ndani!" Wakacheka, yeye na mumewe, kwa kuona kitu kisicho na miguu kina adabu kuwapita watoto wa jirani. Kikapiga hodi ya tatu, na hapo Mwanakombo wa zamani, kwa uchangamfu wake wote, akasema, "Karibu bwana, jisikie uko nyumbani. Hapa ni kwako."

"Hapa ni kwako," karani alirudia. "Maneno hayo si yetu, mama. Karibu ya kwanza ilitufungulia sebule. Ya pili, vyumba. Hiyo ya tatu ilitupa nyumba, na waliomo, na wanayosema."

"Yale ni maneno ya adabu tu! Kila mtu husema!"

"Ndiyo," alisema karani. "Kila mtu alisema."

Hebu na mimi niseme kidogo hapa, maana nikinyamaza nitapasuka. Nani katika mji ule angesikia hodi akakaa kimya? Mtu yuko bafuni na povu machoni, ataitikia. Mgonjwa yuko hoi, ataitikia. Hata waliogombana huitikiana hodi, kisha ndipo waendelee kugombana. Kwao neno karibu halikuwa ruhusa, lilikuwa pumzi, lilitoka lenyewe. Waliokaa wakakitengeneza kile kidude walilijua hilo. Walikuwa watu wa pale pale, waliolelewa kwa neno hilo hilo. Mtu wa kutoka mbali asingeweza kuwaibia hivyo, angewaletea makaratasi nao wangeyakataa. Wao walichukua tabia njema ya mama zao wakaifanya kuwa sahihi ya mkataba.

"Basi lifuteni," alisema Mwanakombo. "Nimekosea kukaribisha. Lifuteni."

"Tutalifuta. Unachotakiwa ni kulitaja hapa, kwa sauti, ili tuhakikishe tunafuta la kwako. Ulitaje, na utueleze ni mtoto gani, alizaliwa lini, amelala wapi. Bila hayo, mama yangu, tutajuaje ni nani wa kusahauliwa?" Karani akainama mbele, na sauti ya shangazi ikawa laini. "Kwa mfano, hapa tumeandika ni wa kiume. Ni sahihi?"

Wa kike! Neno lilifika kwenye meno. Ni wa kike, wajinga nyie, alikuwa na nywele mpaka shingoni, na kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kimepinda kama changu, na mimi nilimwona kabla hawajamfunika, hakuna mwingine aliyemwona hivyo. Yote yalifika kwenye meno, yakasukumana. Ni vigumu mno kumvumilia mtu anayemsema vibaya mtoto wako. Mkono wa mama huinuka wenyewe kumrekebisha kola, hata kama mtoto ni kivuli. Na Mwanakombo alimwona karani akisubiri kwa utulivu, bila haraka yoyote, akaona pia kwamba ule uongo kuhusu mtoto ulikuwa umeachwa wazi kwa makusudi, kama nafasi ya kiti kati ya marafiki. Wao hawakuhitaji kujua kila kitu. Walihitaji kukosea kidogo tu, na mwenye mali angekuja mwenyewe, mbio, na iliyobaki. Akaung'ata ulimi mpaka akasikia chumvi ya damu.

"Sina la kusema," alisema.

"Hakuna tabu. Labda ungependa kuongea na mkubwa." Karani akasimama, akatengeneza mtandio wake. Na safari hii sauti iliyomtoka haikuwa ya muuza gesi wala ya shangazi. Ilikuwa ya Mwanakombo mwenyewe, ya chini, ya jikoni, sauti ambayo hajawahi kumtolea mtu aliye hai. "Nisubiri," ilisema. "Nisubiri, nakuja."

Mwanakombo hakusubiri.

Hakurudi nyumbani. Miguu ilimpeleka kwa Faki, kwenye mashine ya kusaga unga aliyokuwa akiiendesha karibu na soko. Kelele za mle ndani zilikuwa za kutikisa meno. Waliofanya kazi pale walisemeshana kwa mikono, na mwenye jambo kubwa alilazimika kulitia moja kwa moja ndani ya sikio la mwenzake. Faki alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mkewe, baibui ndani nje, uso umemshuka, alitaka kuzima mashine. Mwanakombo akamshika mkono. Akatikisa kichwa. Akamvuta karibu zaidi na kinu, mahali mngurumo ulipokuwa mkubwa kuliko pote, akaweka mdomo wake sikioni mwa mumewe, akamwambia.

Alimwambia yote, ya mbuzi na ya mnong'ono, ya hodi tatu na ya karani. Unga ulikuwa unawaangukia, na mabega ya Faki yalikuwa yanapanda na kushuka. Alipomaliza, Faki akageuza shingo, naye akatafuta sikio la mkewe.

"Wao wanasema ni wa kiume?"

Akaitikia kwa kichwa.

Faki akacheka, na machozi yakachora mistari miwili kwenye unga wa mashavuni. "Basi wa kwao si wetu. Waache wamzeeshe." Halafu akasema jambo ambalo Mwanakombo hakuwa amelitazamia, wala mimi. "Mimi ndiye niliyeshuka naye kaburini. Wenzangu walisema nimlaze tu, hana jina, hakulia. Sikuweza. Sikuweza kumlaza chini bila kumwita. Nikamwita, mara moja."

"Ulimwitaje?"

Faki akainama. Nimekuwa ndani ya kichwa cha mwanamke huyu hadithi nzima, nikisikia mpaka yaliyoishia menoni, na hakuna aliyenikaribisha. Alipoanza kusema, Mwanakombo alifumba macho, akaliziba sikio lake la pili kwa kiganja, na mimi nikajikuta nimesimama nje barabarani, kati ya magunia, nikiwatazama kama mpita njia yeyote. Niliona midomo ya Faki ikisogea. Niliona Mwanakombo akimwegemea mumewe, naye akimshika. Kisha naye akasema kitu, midomo ikaenda vile vile kama ya mumewe, na akakisema tena, na tena, uso umefunguka kabisa.

Mkononi mwa Faki mwanga mdogo wa kijani uliwaka.

"Samahani," ilisema saa. "Sijasikia vizuri. Tafadhali rudia."

Faki akainua debe jingine la mahindi, akalimimina lote kwenye mdomo wa mashine.